Mvua ya Kashozi iliyohesabiwa mara tatu

Jana nimerudi chuo kutoka Kashozi, Bukoba, nilikokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Leo nawaletea historia kidogo, na aibu yangu ndani yake.

Bukoba si mnaijua kwa mvua, karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Basi nikawatengenezea wanafunzi kipimamvua cha Arduino, ile bodi iliyoanzia Italia mwaka 2005. Ndani kuna vijikombe viwili vinavyopokezana kama pembea. Kimoja kikijaa kinapinduka, sumaku inapita kwenye swichi, na bodi inahesabu pigo moja la umeme. Wazo la kijikombe kinachopinduka ni la zamani sana: Christopher Wren wa Uingereza alilibuni mwaka 1662. Baadaye Robert Hooke akatengeneza saa ya hali ya hewa iliyotoboa karatasi. Wao hawakuwa na umeme wa kuwadanganya.

Mimi nilidanganywa. Asubuhi moja niliandika ubaoni: milimita 36. Nilikuwa nimewaagiza wanafunzi watege makopo nyumbani na kupima kwa rula. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona sisi wote tumepata kama 12?" Darasa kicheko. Jamani!

Kumbe swichi ikifunga haitulii mara moja. Inadundadunda kwa muda mfupi mno, na bodi inaona kila mdundo ni pigo jipya. Nikaweka kapasita ya kulainisha mapigo, na kwenye programu nikaagiza pigo lolote linalofuata ndani ya milisekunde 50 lipuuzwe.

Ila kapasita inafanya volti zipande polepole, na bodi ingeweza kuyumba hapo katikati. Aliyetuokoa ni Mmarekani Otto Schmitt. Mwaka 1934, akiwa bado mwanafunzi kama sisi, alikuwa anachunguza neva za ngisi, akabuni sakiti yenye mipaka miwili: wa juu wa kuwaka, wa chini wa kuzima. Katikati haibadili msimamo. Sakiti ya namna hiyo imo ndani ya chipu ya Arduino yangu.

Tukajaribu upya mbele ya darasa. Mipinduko 20, hesabu 20. Nikamwita yule binti afute 36 kwa mkono wake, aandike 12.

Makopo nimewaachia, waendelee kuikagua mashine. Kwa leo niishie hapa, Jumatatu nina testi.