Kipokezi cha GPS katika ndege ndogo

Kipokezi cha GPS katika ndege ndogo ni kifaa kinachomwonyesha rubani mahali alipo kwa kupokea ishara za redio za angalau satelaiti nne.

Kinafaa hasa mahali ambapo alama za ardhini zinafanana. Mfano ni delta ya mto Rufiji nchini Tanzania, upande wa mashariki wa kata ya Mchukwi (Wilaya ya Kibiti), ambako mikono ya mto na misitu ya mikoko ni vigumu kutofautisha kutoka angani. Mwaka 1915 marubani Waingereza walioruka kutoka Mafia kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha humo walitegemea macho yao.

Antena hufungwa juu ya bodi ya ndege, mbali na antena za redio za mawasiliano, kwa sababu ishara za satelaiti ni dhaifu na huvurugwa kwa urahisi. Kisha fundi mwenye leseni hukagua kama dira ya sumaku imeathiriwa, na hurekebisha kumbukumbu za uzito na mizani ya ndege. Nchini Tanzania msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA).

Dira na ramani hubaki ndani ya ndege, kwa kuwa ishara za GPS zinaweza kupotea.