Kyungu wa Kumwanza na Mipaka ya Neno "Sisi"

Gabriel Kyungu wa Kumwanza alifariki dunia tarehe 21 Agosti 2021 mjini Luanda, Angola, akiwa mwenyekiti wa halmashauri ya shirika la reli la taifa, SNCC, lenye makao yake makuu Lubumbashi. Wafuasi wake walimwita "Baba wa Katanga". Lakini kwa familia nyingi zenye asili ya Kasai, jina lake halikutengana na reli hiyohiyo, kwa kuwa ndiyo iliyowabeba walipofukuzwa jimboni mwaka 1992 na 1993. Makala haya yanachunguza jinsi mtu mmoja alivyoacha kumbukumbu mbili zinazopingana namna hii. Rai inayotolewa ni kwamba maisha yake ya kisiasa yanaeleweka vema zaidi yakitazamwa kupitia neno moja dogo: "sisi".

Zipo lugha zenye maneno mawili mahali pa "sisi": moja humjumuisha msikilizaji, jingine humtenga. Kiswahili, kiwe sanifu au cha Lubumbashi, kina neno moja tu. Msemaji anaposema "sisi", ni juu ya msikilizaji kutambua kama yumo au hayumo. Katika mazungumzo ya nyumbani jambo hilo halina madhara. Katika mkutano wa hadhara, mbele ya gavana, laweza kuwa suala la uhai.

Kyungu, Mluba wa Katanga aliyezaliwa mwaka 1938, alijulikana kwanza kama mbunge. Mnamo Novemba 1980, wakati chama cha MPR kilikuwa chama pekee nchini Zaire, wabunge kumi na watatu walimwandikia Rais Mobutu barua ya wazi yenye kurasa 52, wakiushutumu utawala wake na kudai mageuzi. Kyungu alikuwa mmoja wao, bega kwa bega na Étienne Tshisekedi, mzaliwa wa Kasai. Wabunge hao walikamatwa na kuadhibiwa. Mwaka 1982 kundi hilo lilizaa chama cha UDPS. "Sisi" ya barua ile ilikuwa pana: ilimaanisha raia wote waliotawaliwa bila kuulizwa. Mkatanga na Mkasai walitia sahihi karatasi moja na kuteswa pamoja.

Hata hivyo, Katanga ilikuwa na swali la zamani ambalo barua ile haikuligusa. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilichukua wafanyakazi wengi kutoka Kasai, na njia ya reli iliyofika Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo, mwaka 1928 ilirahisisha safari hiyo. Wengi wakawa makarani, mafundi na walimu. Uchaguzi wa miji wa mwaka 1957 ulipowapa wasio wazaliwa wa jimbo nafasi kubwa Élisabethville, chama cha Conakat kilizaliwa mwaka uliofuata kutetea wale waliojiita Wakatanga halisi. Kujitenga kwa jimbo tarehe 11 Julai 1960 kulilifanya swali hilo kuwa kali zaidi, na kurudishwa kwake mwaka 1963 hakukulimaliza.

Swali lilirejea uchumi ulipoporomoka. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka. Mgodi wa Kamoto ukabomoka Septemba 1990, na kufikia 1993 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Malalamiko ya wenyeji hayakuwa ya uongo: utajiri wa jimbo ulikuwa umeliwa Kinshasa kwa miaka mingi. Lakini Kinshasa ilikuwa mbali, na jirani alikuwa karibu.

Kyungu alikuwa ameiacha UDPS na kujiunga na Nguz a Karl-i-Bond katika UFERI, chama kilichodai shirikisho. Mwishoni mwa 1991 Nguz akawa waziri mkuu, na Kyungu akawa gavana wa Shaba, kama jimbo lilivyoitwa wakati huo. Tarehe 15 Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Tshisekedi kushika nafasi ya Nguz. Sahihi mbili za barua ya 1980 zikawa sasa pande mbili za vita vya maneno, na punde si punde vya mapanga na moto.

Ripoti za mashirika ya haki za binadamu zililinukuu neno moja zikilihusisha na hotuba za gavana mwenyewe: "bilulu". Katika Kiswahili cha Lubumbashi, "kilulu" ni mdudu. Yafaa kuzingatia umbo lake. Katika Kiswahili sanifu, mdudu na wadudu wamo katika ngeli ileile ya mtu na watu. "Kilulu" na "bilulu" zimo katika ngeli ya kitu na bitu. Wasikilizaji walielewa bila kufundishwa sarufi. Tena, waliotukanwa hivyo walilielewa tusi kwa lugha yao wenyewe, maana wengi walikuwa wamezaliwa Katanga na Kiswahili ndicho walichokisema mitaani.

Vijana wa UFERI, waliojulikana kama JUFERI, waliwashambulia Wakasai Lubumbashi, kisha Likasi, na mwaka 1993 Kolwezi. Maelfu walilala kwa majuma stesheni ya Likasi wakingoja gari-moshi la kwenda Mwene-Ditu na Kananga. Waliong'olewa walizidi laki moja. Wengi walikufa njiani, hasa watoto. Mobutu, aliyepaswa kujibu hoja za 1980, alinufaika kwa kuwaona wapinzani wake wakigombana wao kwa wao.

Mwaka 1995 serikali ya Kengo wa Dondo ilimwondoa Kyungu katika ugavana. Hakupotea. Mwaka 2007 akawa spika wa bunge la jimbo la Katanga, akiongoza chama chake cha UNAFEC. Alipinga kugawanywa kwa Katanga kuwa majimbo manne mwaka 2015, na mwaka huohuo akajiunga na vyama vya G7 vilivyojitenga na Rais Joseph Kabila. Kisha akamuunga mkono Félix Tshisekedi, mwana wa mwenzake wa 1980, na chini ya urais huo akapewa uenyekiti wa reli.

Wapo wasemao kwamba Kyungu aligeuka mara nyingi. Ukweli unaelekea kuwa mgumu zaidi. Dai lake la msingi, kwamba watawala wawajibike kwa watawaliwa, lilibaki lilelile. Kilichopanuka na kusinyaa ni idadi ya watu waliohesabiwa ndani ya dai hilo. Mwishoni "sisi" yake ilipanuka tena hadi kumpokea Tshisekedi mwana. Lakini kupatana kwa viongozi hakuwarudishii nyumba zao waliongoja pale stesheni ya Likasi, wala hakuwafufui watoto waliozikwa kando ya reli.