Kabla ya Ndege Kuruka: Historia ya Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati

Julai 1974, katika mji wa Erfurt, Ujerumani Mashariki, timu mbili ngeni zilijiunga na Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, mashindano ya wanafunzi wa sekondari. Moja ilitoka Marekani, ikiwa na vijana wanane. Nyingine ilitoka Vietnam ya Kaskazini, ikiwa na watano. Mkataba wa Paris, uliomaliza ushiriki wa Marekani katika Vita vya Vietnam, ulikuwa umetiwa saini mwaka mmoja na nusu tu uliopita, na vita vyenyewe vilikuwa bado vinaendelea. Saigon, mji mkuu wa Vietnam ya Kusini, ilianguka Aprili ya mwaka uliofuata. Matokeo yalipotangazwa, Marekani ilishika nafasi ya pili nyuma ya Umoja wa Kisovieti. Vijana watano wa Vietnam walirudi nyumbani na medali nne, ikiwemo ya dhahabu ya Hoàng Lê Minh.

Nchi iliyopigwa mabomu kwa miaka mingi iliwezaje kufika pale na kushinda? Swali hilo linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki, ambao tumezoea kuzikumbuka timu zetu pale zinapohangaikia nauli.

Mwalimu wa Győr na jarida lake

Asili ya mashindano haya ni Hungaria. Mwaka 1894, chama cha wanahisabati na wanafizikia wa nchi hiyo kilianzisha mtihani wa ushindani kwa vijana waliomaliza sekondari, ambao baadaye ulijulikana kwa jina la mwanafizikia Loránd Eötvös. Mwaka huohuo Dániel Arany, mwalimu wa shule katika mji wa Győr, alianzisha jarida la hisabati kwa wanafunzi, linalojulikana leo kama KöMaL. Jarida lilichapisha maswali, wanafunzi wakayafanyia kazi nyumbani na kutuma majibu kwa posta, na majibu bora yakachapishwa pamoja na majina ya walioyaandika. Mtoto wa mji mdogo akawa anashindana na wa Budapest bila kutoka kwao. Miongoni mwa washindi wa mtihani ule alikuwamo Theodore von Kármán, aliyekuja kuwa mmoja wa vinara wa sayansi ya urukaji wa ndege.

Desturi hiyo ilienea katika nchi jirani, na mwaka 1959 Romania ikazialika nchi nyingine za eneo lake. Nchi saba zilikutana Brașov: Romania yenyewe, Hungaria, Bulgaria, Poland, Czechoslovakia, Ujerumani Mashariki na Umoja wa Kisovieti. Washiriki walikuwa 52. Finland ilijiunga mwaka 1965, na miaka miwili baadaye zikafuata Uingereza, Ufaransa, Italia na Sweden. Tangu 1959 ni mwaka mmoja tu ambao mashindano hayakufanyika, nao ni 1980, Mongolia iliposhindwa kuyaandaa. Hata UVIKO-19 haikuyazuia. Mwaka 2020 Urusi iliyasimamia kwa njia ya mtandao, na kila timu ikafanya mtihani ikiwa nchini mwake.

Siku mbili, maswali sita

Leo kila nchi hupeleka wanafunzi wasiozidi sita, walio chini ya umri wa miaka 20 na ambao hawajaanza chuo kikuu. Mtihani huchukua siku mbili. Kila siku wanapewa maswali matatu kwa saa nne na nusu, na kila swali lina alama saba, hivyo jumla ya juu kabisa ni 42.

Kiongozi wa timu hutangulia siku kadhaa kabla ya wanafunzi wake, kwa kuwa viongozi wote hukaa kama baraza kuchagua maswali. Akishayaona hawezi kukutana nao mpaka wamalize karatasi ya pili. Naibu wake ndiye anayekaa na vijana. Viongozi pia huitafsiri karatasi, maana kila mshiriki ana haki ya kusoma maswali kwa lugha anayoimudu. Mtihani ukiisha, kiongozi na naibu wake huketi na wasahihishaji wa nchi mwenyeji, wakaitetea kazi ya kila kijana mstari kwa mstari. Medali hupewa takribani nusu ya washiriki.

Ugumu wa maswali yenyewe unaonekana vizuri katika swali la sita la mwaka 1988, mashindano yalipofanyika Canberra, Australia. Chukua namba mbili kamili chanya. Zidisha kila moja kwa yenyewe, kisha jumlisha. Halafu zidisha namba hizo mbili pamoja, uongeze moja. Ikiwa jumla ya kwanza inagawanyika kwa ya pili bila baki, thibitisha kwamba jibu ni lazima liwe namba mraba. Jaribu 2 na 8: 4 na 64 ni 68, mara mbili nane ni 16, ukiongeza moja ni 17, na 68 kwa 17 ni 4, yaani mbili mara mbili. Mfano mmoja haumshindi hata mwanafunzi wa darasa la saba. Kazi ni kuthibitisha kwamba itakuwa hivyo kwa kila jozi ya namba inayotimiza sharti hilo, hata zile ambazo hakuna aliyewahi kuziandika. Wanafunzi 11 tu walipata alama zote saba za swali hilo. Mmoja wao alikuwa Ngô Bảo Châu wa Vietnam, ambaye mwaka 2010 alitunukiwa medali ya Fields, tuzo ya juu kabisa katika hisabati.

Darasa la vijijini

Siri ya Vietnam iko mwaka 1965. Mabomu yakianguka, Chuo Kikuu cha Hanoi kilifungua darasa maalumu la hisabati kwa wanafunzi wa sekondari, likaendeshwa huko lilikohamishiwa, vijijini katika mkoa wa Thái Nguyên. Safari ya Erfurt ilikuja miaka tisa baadaye. Kwa hiyo timu ile ya watano ilikuwa tunda la kazi ya miaka, iliyofanywa na walimu ambao hawakusubiri amani ndipo waanze kufundisha. Mwaka 2007, Hanoi yenyewe ikawa mwenyeji wa mashindano.

Iran nayo ina kisa cha aina hiyo. Msichana Maryam Mirzakhani na mwenzake walipotaka masomo ya maswali magumu kama waliyokuwa wakipewa wavulana wa shule nyingine, mkuu wa shule yao aliyasimamia mpaka yakapatikana. Hakuna msichana aliyewahi kuwa katika timu ya Iran kabla yao. Mirzakhani alipata dhahabu Hong Kong mwaka 1994, na mwaka uliofuata, Toronto, akapata alama zote 42. Mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza duniani kupewa medali ya Fields.

Afrika na sisi

Afrika iliingia kwa mlango wa kaskazini: Algeria mwaka 1977, Tunisia 1981, Moroko 1983. Afrika Kusini ilijiunga mwaka 1992. Moroko ndiyo iliyopokea Olimpiadi ya kwanza ya Hisabati ya Afrika Nzima, jijini Rabat mwaka 1987, kwa mfumo uleule wa siku mbili na maswali sita. Faida yake ni kubwa, kwani kijana hukutana na karatasi ngumu akiwa bado barani mwake. Nairobi iliandaa mashindano hayo mwaka 2018, na Kigali mwaka 2023. Olimpiadi ya dunia yenyewe ilifika Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2014, mjini Cape Town, ikiwa na washiriki 560 kutoka nchi 101.

Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda zote zimewahi kupeleka timu. Vikwazo vya safari vipo, wala si vidogo. Kwa desturi mwenyeji hugharimia malazi na chakula, lakini nauli ni juu ya anayesafiri. Viza nayo huweza kukwama: mwaka 2017, timu za mashindano ya roboti za Gambia na Afghanistan zilinyimwa kwanza viza ya Marekani, zikaruhusiwa baadaye baada ya kelele nyingi.

Hata hivyo, kuchangisha nauli kila mwaka kwa ajili ya vijana waliokutana kambini wiki chache tu ni kuwaonea. Wanakwenda kukaa meza moja na wenzao walioanza mazoezi wakiwa na miaka 12. Kinachotupungukia ni yale aliyoyafanya mwalimu wa Győr: maswali mapya kila mwezi, majibu yanayosomwa na mtu makini, na jina la mtoto kutajwa anapofanya vizuri. Hayo hayahitaji bajeti ya taifa. Maswali yote ya olimpiadi tangu 1959 yanapatikana bure mtandaoni, na mwalimu mwenye ubao, chaki na saa mbili za Jumamosi anaweza kuanza wiki hii, mradi mkuu wa shule amruhusu na wizara imtambue.

Nauli itafutwe, na viza iombwe mapema. Ila mtoto aliyeingia Kidato cha Kwanza mwaka huu ana miaka michache tu kabla umri wa kushiriki haujampita, na miaka hiyo imo mikononi mwa mwalimu wake.