Mikono ya Bibi Keahi

Dada zangu, hula tunayoijua wengi wetu ni ile ya kwenye picha za matangazo ya hoteli: sketi ya majani, shada la maua shingoni, kiuno. Kumbe hula ni maneno kwanza. Kuna wimbo wa kughani, wenyewe wanauita mele, na mikono huufuata kuonyesha kinachosemwa: mvua, bahari, nasaba ya mfalme. Watu wa Hawaii hawakuwa na maandishi mpaka wamishonari walipofika kutoka Marekani mwaka 1820. Historia yao ilikaa humo, kwenye sauti na mikono.

Wamishonari waliiona hula kuwa uchafu. Lakini aliyeikataza hadharani, mwaka 1830, hakuwa mgeni. Alikuwa Kaʻahumanu, mjane wa Kamehameha wa Kwanza, mwanamke aliyeshika madaraka makubwa ya nchi. Mwaka 1819 alikuwa mstari wa mbele kuvunja miiko ya kale, ukiwemo ule uliowazuia wanawake kula pamoja na wanaume, na hata kula ndizi kadhaa zilizohesabiwa kuwa za wanaume tu. Mwaka 1825 akabatizwa. Mimi simcheki. Aliyeingia dini mpya kwa moyo wake wote huogopa kila kinachomvuta nyuma, na hula ya kale ilikuwa na madhabahu ya Laka, mungu wa kike wa ngoma hiyo. Nasi visiwani kwetu tunabishana kila mwaka ngoma ipi inafaa harusini na ipi haifai.

Ila historia ya watu haikuwa na mahali pengine pa kukaa. Kwa hiyo hula ikarudi majumbani na vijijini, kwa wazee walioendelea kufundisha kimya kimya. Mfalme Kalākaua alipoitoa tena uwanjani katika sherehe za kuvikwa taji mwaka 1883, waliochapa orodha ya nyimbo za siku hiyo walipelekwa mahakamani kwa kuchapisha maneno machafu. Mfalme hakurudi nyuma. Miongoni mwa wanawake waliocheza katika baraza lake alikuwemo Keahi Luahine.

Mwaka 1893 ufalme ulipinduliwa, na mwaka 1898 Marekani ikavichukua visiwa. Keahi akabaki na ngoma za kasri bila kasri.

Mwaka 1915, kule Nāpōʻopoʻo katika kisiwa kikubwa cha Hawaii, akazaliwa mtoto wa ukoo wake, ʻIolani. Keahi akamchukua akamlea. Kulelewa na ndugu badala ya mama mzazi ni desturi kule, wanaiita hānai, na kwetu si jambo geni. Mtoto alianza kufundishwa angali mdogo sana: maneno kwanza, maana yake, kisha mwili. Ni kama mwari na kungwi wake, isipokuwa mafunzo haya yalichukua miaka.

Keahi alifariki mwaka 1937. ʻIolani aliendelea kujifunza kwa Mary Kawena Pukui, aliyekuwa mwanafunzi wa Keahi naye, na ambaye mwaka 1957 alitoa kamusi ya Kihawaii pamoja na Samuel Elbert.

Mwaka huohuo wa 1937 kampuni ya Kodak ilianzisha onyesho la hula Waikīkī, mchana, ili watalii wapate mwanga wa kupiga picha. Na kununua filamu, bila shaka. Wanawake wa Kihawaii waliocheza pale walikuwa wakitafuta riziki, sina neno nao. ʻIolani mwenyewe alicheza kwa malipo, akafungua darasa, akapanda majukwaa mbele ya wageni. Tofauti ni kwamba alipanda na mele kamili, pamoja na maana yake, mbele ya watu wasiojua hata neno moja la Kihawaii.

Baadaye alikuwa mtunzaji wa Hulihe‘e, nyumba ya zamani ya kifalme iliyo ukingoni mwa bahari Kailua-Kona. Alimrithisha mpwa wake, Hoakalei Kamauʻu. Alipofariki mwaka 1978, vikundi vya hula vilikuwa vikishindana kila mwaka mjini Hilo tangu 1971, katika tamasha la Merrie Monarch. Hilo ni jina la utani la Kalākaua, yule yule ambaye nyimbo za sherehe yake ziliwapeleka wachapaji mahakamani.