Redio, simu na masomo ya nyumbani: tuliyojifunza mwaka 2020

Msikilizaji wetu, Machi 2020 shule zote nchini Kenya zilifungwa kwa sababu ya korona. Gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4 walirudi Oktoba 12. Wengi wa wenzao walikaa nyumbani hadi Januari 4, 2021. Miezi yote hiyo, teknolojia ndiyo iliyoachiwa kazi ya mwalimu. Je, ni chombo gani kilimfaa mtoto wa kijijini?

Intaneti
Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, iliweka masomo mtandaoni. Mwezi Julai, kampuni ya Loon na Telkom Kenya zilianza kusambaza intaneti ya 4G kwa maputo yaliyoelea kilomita 20 hivi angani. Lakini simu ya mulika mwizi haishiki 4G, na mwenye simu janja bado alihitaji pesa ya bando. Januari 2021, Loon ilitangaza kwamba inafunga kazi kwa sababu ya gharama.

Redio
KICD ilipeperusha masomo pia kupitia redio za KBC. Redio haili bando, na watoto watano wanaweza kusikiliza moja. Hata hivyo, mtoto haoni mchoro wala hawezi kuuliza swali. Kipindi kikipita akiwa malishoni, basi kimempita.

Ujumbe mfupi
Huduma ya Shupavu 291 ilituma masomo na maswali kwa SMS, hata kwenye simu ndogo, na mwanafunzi aliweza kumuuliza mwalimu. Shida ni kwamba simu mara nyingi ni ya mzazi, naye huondoka nayo asubuhi.

Somo letu
Agosti 2020, UNICEF ilikadiria kuwa watoto wasiopungua milioni 463 duniani hawakuweza kufikiwa na masomo ya mbali. Watatu kati ya kila wanne walikuwa wa vijijini au wa familia maskini.

Kwa hiyo hatusemi redio pekee inatosha. Tunachosema ni kwamba chombo kilichomo nyumbani tayari ndicho cha kuanzia, kisha mtu mzima akae karibu. Hata asiyejua hesabu anaweza kumwambia mtoto: hebu nieleze ulichosikia leo. Mtoto akikwama, swali liandikwe daftarini, na simu ikirudi jioni, mwalimu aulizwe.