Meza Moja, Kadi Mbili: Wakristo wa Tunduma na Gharama ya Kunyamaza

Katika misiba ya Tunduma kuna daftari ambalo mtafiti wa siasa angefaa kulisoma kabla hajagusa fomu za matokeo ya uchaguzi. Ni daftari la kawaida la mistari, limewekwa juu ya meza ndogo pembeni ya turubai, peni imefungwa kwa uzi ili isipotee. Kushoto ni majina, kulia ni rambirambi. Katibu wa tawi la CCM ameandikwa mstari mmoja juu ya kada wa Chadema aliyeenguliwa kugombea katika mtaa huohuo. Chini yao yupo mama wa kwaya asiye na kadi ya chama chochote, aliyeleta debe la mahindi. Baadaye wote watatupia udongo katika kaburi moja. Anayeyatazama haya husema kwamba hapa upendo umeishinda siasa. Mimi naona bado haujaishinda, na naona pia kwamba makanisa yetu yanalitegemea mno daftari hili kama ushahidi wa umoja.

Tunduma haijawahi kuwa mji wa siasa baridi. Ni mji wa mpakani, ng'ambo yake ni Nakonde ya Zambia, reli ya TAZARA hupita hapo, na malori huingiza wageni na habari kila siku. Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ulihesabiwa watu 1,344,687 katika sensa ya 2022. Jimbo la Tunduma lilikwenda kwa Frank Mwakajoka wa Chadema mwaka 2015, kisha mwaka 2020 likachukuliwa na CCM kupitia David Silinde, ambaye miaka 10 kabla ya hapo aliingia bungeni kwa tiketi ya Chadema. Simsuti mtu, maana kuhama chama ni haki ya kila raia. Ninachotazama ni kilichobaki nyuma. Wapo waliokosana na ndugu zao kwa ajili ya wagombea, na wagombea wakishahama, ndugu hawajarudiana. Mwanasiasa huvuka upande wa pili, ugomvi hubaki kwa majirani.

Kisha yakaja mambo mazito zaidi. Novemba 2024, wakati wa uchaguzi wa serikali za mitaa, Chadema ilitangaza kwamba mgombea wake mmoja wa Tunduma ameuawa kwa mapanga nyumbani kwake. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, maandamano na vurugu viliikumba miji kadhaa nchini, Tunduma ikiwamo, na watu wakapoteza maisha. Hapo tofauti ya siasa iliacha kuwa suala la maoni tu. Benchi moja la kanisa likawa na aliyefiwa pamoja na anayeamini kwa dhati kwamba siku ile amani ya nchi ililindwa.

Jibu linalosikika mara nyingi katika nyumba za ibada ni kwamba siasa tuiache nje ya mlango. Nia ni njema, lakini hii ni funika kombe mwanaharamu apite. Ubaya wake ni kwamba mzigo wa kunyamaza haugawanywi sawasawa. Aliyeridhika na mambo yalivyo hapungukiwi na chochote siasa isipotajwa, ilhali mwenye jeraha anatakiwa kugharimia umoja wa watu wote kwa ulimi wake mwenyewe. Huo sio upendo anaouzungumzia Paulo. Katika sura ya 11 ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho, anawakemea watu ambao bado walikuwa wakikutana, tena kwenye chakula cha Bwana. Walikaa pamoja, lakini mmoja alishiba na mwenzake akabaki na njaa.

Songwe ina urithi wa karibu zaidi wa kulifikiria jambo hili. Wamisionari wa Moravian walifungua kituo cha Mbozi, katika nchi ya Wanyiha, mwaka 1899. Kanisa lililowatuma lilikuwa limezaliwa upya katikati ya ugomvi. Wakimbizi waliojenga kijiji cha Herrnhut, Ujerumani, kuanzia 1722 walifarakana vibaya juu ya mafundisho na uongozi. Zinzendorf, mwenye ardhi, alifanya kazi ya kuzungumza nao na kuwapatanisha, na Mei 1727 wakatia saini mapatano ya kuishi pamoja. Ibada ya Meza ya Bwana ya tarehe 13 Agosti, ambayo Wamoravian huikumbuka hadi leo, ilifuata baada ya hayo. Mazungumzo yalitangulia, machozi ya furaha yakaja nyuma. Isitoshe, walijenga desturi ya kila mshiriki kuzungumza na mlezi wake wa kiroho kabla ya kuikaribia Meza, ili aeleze hali ya moyo wake. Desturi hiyo naithamini kuliko hotuba nyingi za amani nilizozisikia.

Wapo wanaohofu kwamba kuyasema haya kutalipasua kanisa, na hofu yao ina msingi. Nchini Kenya, Baraza la Makanisa (NCCK) liliomba radhi hadharani mwaka 2008 kwa viongozi wa kanisa kuegemea pande za kisiasa. Radhi hiyo ilikuja wakati watu wamekwishachomwa moto, katika vurugu za baada ya uchaguzi, ndani ya kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret. Hapa kwetu, waraka wa Pasaka wa maaskofu wa Kanisa la Kilutheri (KKKT) wa mwaka 2018, uliozungumzia hali ya nchi, haukusomwa na maaskofu watatu, nao wakachukuliwa hatua na wenzao. Barua iliyotolewa kwa jina la Serikali nayo ilidai waraka ufutwe. Kanisa lilitikisika, ila halikuvunjika. Na mchungaji wa mpakani anayekumbuka jinsi kanisa la Askofu Gwajima lilivyofutiwa usajili Juni 2025 hastahili kuitwa mwoga akipima maneno yake. Lakini kilichoumiza Kenya ni mimbari kugeuzwa jukwaa la kambi moja. Waumini kuambiana yaliyowasibu, uso kwa uso, ni jambo jingine kabisa.

Mahali pa kufanyia hilo tunapo: jumuiya za nyumba kwa nyumba, ambako watu wanajuana hadi majina ya watoto. Jioni moja katika wiki inayotangulia Meza ya Bwana itengwe kwa kazi hiyo. Fulana na kofia za vyama zibaki nyumbani, na mzee wa kanisa anayejulikana kuwa kada asiongoze kikao. Aliyefiwa aanze. Lakini hata mama wa CCM aliyezomewa sokoni, akaitwa msaliti, kibanda chake kikasusiwa na wanakwaya wenzake, naye apewe nafasi hadi amalize, bila kukatizwa na bila kuambiwa kwamba maumivu yake ni madogo. Hatutakubaliana juu ya nani alistahili kura, wala sioni kwa nini tukubaliane. Tutajua tu ni nani tunayekaa naye mezani, na amebeba nini.