Siku Sita za Kimya

Nikiulizwa ni lini wacheza gemu walianza kuuliza data zao ziko wapi, huwa narudi Aprili 2011. Haukuwa udukuzi wa kwanza duniani, la hasha. Lakini huu uliwapata watu waliodhani wamenunua starehe tu.

Tarehe 20 Sony ilizima PlayStation Network. Portal 2 na Mortal Kombat mpya zilikuwa zimetoka Marekani jana yake, kwa hivyo fikiria hasira: umelipa pesa zako, umekaa na pedi mkononi, na hakuna kuingia. Mwanzoni kilio kilikuwa kimoja tu, rudisheni mtandao tucheze. Tarehe 22 kampuni ikakiri kwamba kuna mtu aliingia kutoka nje. Ni tarehe 26 ndipo ikasema kamili: akaunti kama milioni 77 zilikuwa zimeguswa. Majina, anwani, barua pepe, tarehe za kuzaliwa, nywila. Kuhusu kadi za benki, ilisema haina ushahidi kwamba zimeibwa, lakini haiwezi kukataa.

Hapo kilio kikabadilika. Aliyekuwa akilia gemu sasa alikuwa akiita benki. Seneta Richard Blumenthal wa Marekani aliandikia kampuni siku hiyo hiyo akitaka kujua mbona wateja wamekalishwa gizani. Sony ilijitetea kwamba uchunguzi ndio uliochukua muda, na pengine kweli. Lakini mwizi alikuwa na siku zote hizo, we huna hata moja. Kwangu mimi, kimya hicho ndicho kilichouma kuliko wizi wenyewe. Nywila unabadilisha kwa dakika mbili. Tarehe ya kuzaliwa je, utaibadilisha na nini?

Tarehe 1 Mei, Tokyo, Kazuo Hirai na wenzake wawili waliinama mbele ya kamera kuomba radhi. Picha ilizunguka dunia nzima. Kesho yake ikatangazwa kwamba akaunti nyingine milioni 24.6, za Sony Online Entertainment, nazo zilikuwa hatarini. Maze!

Mtandao ulianza kurudi katikati ya Mei, na wateja wakapewa gemu mbili za bure kama kifuta machozi. Wengi walichukua, wakarudi kucheza. Siwalaumu, marafiki wako wote wako mle ndani, utaenda wapi? Septemba masharti mapya yakaja: ukikubali, huwezi kujiunga na wenzako kuishtaki kampuni kwa pamoja. Kujitoa kuliwezekana, ila ilibidi uandike barua ya karatasi na kuituma kwa posta ndani ya siku 30. Kampuni ya mtandao, jamani, kwa posta!

Uingereza iliipiga faini ya pauni 250,000 Januari 2013, kwa hoja kwamba ulinzi ulikuwa hafifu na wizi ungeweza kuzuiwa. Sony ilikata rufaa, kisha ikaiacha.

Huku kwetu, 2011 hatukuwa na sheria ya kulinda data. Ilikuja 2019, na inamtaka anayeshika taarifa zako amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kugundua uvamizi wenye hatari kwako. Saa 72 ni siku tatu. Sony ilichukua sita.